Sukari Iliyompeleka Mdogo Wangu Ulaya

Mdogo wangu alikuwa akiweza kuifungua pampu ya maji mpaka skrubu ya mwisho, akaitandaza juu ya gunia kipande kwa kipande, kisha akairudisha yote bila kubakiwa na kitu mkononi. Lakini umuulize: utakwenda au hutokwenda? Hapo ulimi unamganda. Asubuhi atakwenda. Mchana haendi. Magharibi anasema, "Dada, tusubiri kidogo." Tusubiri nini, hasemi.

Nnaandika haya nishakuwa bibi kizee, na skuli niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma anistahamilie. Majina ya watu wote waliomo humu ninayo kichwani, la mtu na la baba yake na la babu yake, na mtaa aliokaa, na jina la utani kama alikuwa nalo. Siyaandiki. Wengine wamekufa na watoto wao wapo hapa hapa mjini, na mimi sitaki mtu anijie mlangoni kuniuliza mbona umemsema bibi yangu. Mdogo wangu mwenyewe yu hai, mvi zimemjaa, na akija kunitazama hutaka chai yenye sukari nyingi. Nikimtilia namtazama tu. Anajua namtazamia nini.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Foleni za chakula zilikuwa zishaanza. Yeye alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa mitambo, na siku za vitendo walikuwa wakipelekwa Mtoni, kwenye nyumba ya pampu za maji, wakirudi na mafuta meusi mpaka masikioni. Mwalimu wao mmoja alikuwa Mjerumani, wa ile Ujerumani ya Mashariki, mrefu, shingo nyekundu kwa jua letu. Ndiye aliyempa habari. Kwao kuna kiwanda kinachotengeneza pampu, na kimeweka nafasi ya mwanafunzi mmoja kwenda kufanya kazi na kujifunza humo, mwaka mmoja hivi, kisha arudi amalizie masomo yake. Nauli juu yao, chakula juu yao, pa kulala juu yao. Wanataka jibu tu, na jibu walilitaka kabla ya mwezi mwingine kuandama.

Jibu tu! Kama vile kwetu jibu ni kitu unachokikuta dirishani.

Tulikuwa tukikaa Malindi, juu kabisa ya nyumba kubwa ya mawe, vyumba viwili. Ngazi zake nyembamba, giza, na kila kidato kirefu, ukipanda goti linakaribia kifua. Mama alikufa mdogo wangu akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati, na mimi ndiye niliyetolewa skuli nikae nimlee. Baba alikuwa seremala wa masanduku na milango, na maradhi yalimkata miguu. Kichwa kizima, mikono mizima, miguu hakuna. Basi kila asubuhi mdogo wangu, kabla hajakwenda masomoni, humgeuzia baba mgongo, baba akamshika shingoni, wakateremka hivyo mpaka barazani. Huko baba hukaa na kazi ndogo ya mapajani, kupiga msasa, kuchonga mguu wa kiti, na kusema na wapita njia. Magharibi hupandishwa tena. Mimi nilijaribu mara moja kumteremsha. Tulikwama kwenye kona ya ngazi, mimi na yeye, hatupandi hatushuki, mpaka wakaja vijana wa jirani kutunasua. Baba hakusema nami siku nzima, si kwa hasira, kwa haya.

Kwa hiyo mtu mwenye akili angeliona tangu siku ya kwanza kwamba suala si Ulaya. Suala ni ngazi. Lakini hakuna aliyelitaja. Watu walitaja baridi, walitaja nguruwe, walitaja wasichana wa kizungu. Ngazi hakuna aliyezitaja, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa bubu kuliko wote. Ukimuuliza, "Baba, unaonaje?" hupuliza vumbi la mbao, akasema, "Mtoto ni mkubwa." Basi.

Na mimi nilikuwa na langu ndani ya hilo. Nilikuwa nimeposwa. Alikuwa fundi wa chokaa, kijana wa Kendwa, aliyekuja mjini kutengeneza kuta za nyumba zilizobomoka, akawa anapumzika barazani kwa baba saa za mchana. Wazee wake walikuja, wakazungumza, baba akaridhia. Kilichobaki ni siku. Hapo akatia neno shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye neno lake lilikuwa likifika nyumbani kwetu kabla ya yeye mwenyewe. Alikaa juu ya mkeka akasema, "Mambo mawili makubwa hayapiti mlango mmoja. Kwanza tujue mtoto anakwenda au hendi. Akikaa, wewe tutakutoa, utakwenda Kendwa na mumeo. Akenda, basi, baba yako ana nani?"

"Na mimi nina nani, shangazi?"

"Wewe una subira," akasema, akanyoosha mkono apewe kikombe chake.

Mnaona. Ufunguo wa harusi yangu ulikuwa ndani ya mfuko wa mtoto asiyejua kusema ndiyo wala la.

Shangazi akasema atasali istikhara, amuombe Mungu amuoneshe lenye kheri. Akasali. Tukangoja. Akaja na ndoto: kamuona mbuzi jike, mweupe, kasimama juu ya paa.

"Tafsiri yake nini?" nikamuuliza.

"Tafsiri yake iko kwa Mwenyezi Mungu."

"Lakini alikuwa akiteremka au akipanda?"

"Alikuwa kasimama tu."

"Basi ndiye yeye mwenyewe huyo!" nikasema, nikamuonesha mdogo wangu aliyekaa pembeni, anakuna mafuta kwenye kucha. "Huna haja ya ndoto, shangazi, mbuzi wako tunaye humu ndani."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Shangazi hakucheka. "Ulimi huo," akanambia, "ndio maana vijana wa mjini walikupita wote, mpaka katoka wa shamba asiyejua."

Jioni moja nilimchukua mdogo wangu Forodhani, nikisema labda akitoka mbele ya baba atafunguka. Tukakaa ukutani, tunakula muhogo wa kuchoma na pilipili, na watu wanapita na nguo zao za jioni. Nikamwambia, "Hapa hapana shangazi. Sema. Unataka kwenda?"

Akaanza kunieleza pampu. Wallahi, pampu! "Dada, huku sisi tunazifungua zilizokwisha kufa. Mwalimu kasema kule nitaziona zinavyozaliwa. Chuma kinaingia mlango huu bado udongo, kinatoka mlango ule kinavuta maji." Na macho yake yaling'ara namna ambayo sijayaona tangu alipokuwa mdogo nikimletea ubuyu.

"Basi unataka."

"Sijasema nataka."

"Hutaki?"

"Sijasema sitaki. Dada, mbona unanibana hivi? Mtu hakurupuki. Watu wanasema wanaotoka hawarudi. Wanasema mtu akitoka hutazamwa, na walio nyuma yake nao hutazamwa."

"Wewe hukimbii, wewe unapelekwa na skuli. Watu gani hao wanaosema?"

"Watu."

Nikamtupia ganda la muhogo. Lilimpata kifuani. Alilipangusa, akatia pilipili nyingine kwenye kipande chake, akasema, "Tusubiri kidogo." Nilirudi nyumbani mbele yake, nimemwacha hatua nyingi nyuma, na kila jirani aliyenisalimia nilimjibu kwa ukali.

Sasa nije kwenye sukari.

Siku zile sukari ilikuwa kwa foleni, kwenye duka la serikali, kila nyumba na kipimo chake. Unasimama na kikapu tangu alfajiri, ukifika mbele pengine ishakwisha. Na harusi bila halwa si harusi, ni kikao. Mpika halwa alikuwa hapokei kazi mpaka umletee sukari yako mwenyewe. Basi tangu nilipoposwa nilikuwa nikiiba ndani ya kipimo chetu wenyewe, leo kijiko, kesho kijiko, tunakunywa chai chungu na baba anakunja uso, na mimi naijaza kwenye bati la biskuti chini ya kitanda changu. Bati lilikuwa karibu kujaa. Mara nyingine mchana nilikuwa nalivuta, nalifungua, nalitazama tu, nalirudisha.

Ijumaa moja nilikwenda Darajani kutafuta samaki. Kumbe mdogo wangu, katika hangaiko lake, kapata wazo. Kasema atakwenda kwa wazee, mmoja mmoja, awaulize shauri. Wazo si baya. Lakini mtu kwetu haendi kwa mzee kuuliza neno zito mikono mitupu. Akatazama huku na huku, akalikumbuka bati. Akachana kanga yangu kuukuu vipande vipande, akafunga mafungu ya sukari, mazuri, yamebana, kazi ya mtu wa mitambo. Akaoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya Idi, akatoka baada ya sala.

Enyi mnaosoma, nyinyi wa Unguja mshajua alilolifanya. Asiyejua nitamwambia. Kijana aliye na habari ya safari, aende Ijumaa, na kanzu, na fungu la sukari, aingie kwa mzee avue viatu mlangoni, akae chini, ambusu mkono, aseme, "Nimekuja kwako": huyo haji kuuliza kitu. Huyo amekuja kuaga. Amekuja kutaka radhi, asife huko aendako hali ana kinyongo cha mtu. Kila mzee wa mji huu angeelewa hivyo hivyo, na angelikuwa na haki. Tena ukiombwa radhi huulizi neno jingine. Unainua mikono, unasoma Fatiha, unamuombea.

Alianzia nyumbani mwetu humo humo, ghorofa ya chini. Alikuwapo Bi Mkubwa mmoja wa Kiarabu, wa watu waliokuwa na mashamba ya karafuu, na sasa anashona kofia ale. Wanawe wawili waliondoka katika zile siku mbaya, usiku, hawakumuaga. Hata neno. Hakujua wako wapi. Mdogo wangu kaingia, kakaa chini, kaweka sukari, kambusu mkono, kasema, "Bi Mkubwa, nimekuja kwako." Alitaka kuendelea na "nataka kukuuliza." Hakufika. Yule mama alimshika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia. Akasema, "Wewe umekuja. Wewe umekuja kuniaga, mwanangu. Wewe una adabu." Akamsomea, akampulizia utosini, akamwambia nenda na urudi, nenda na urudi, nenda na urudi, na machozi yanamwagikia kofia ya Idi.

Mimi hili silaumu. Nani angefungua mdomo pale aseme, "Samahani, bado sijaamua"? Ingekuwa kumnyang'anya kitu mkononi.

Lakini kilio cha Bi Mkubwa kilitoka dirishani. Uchochoro wote wa Malindi ukajua: mtoto wa seremala anaaga, anaondoka. Watoto wakatangulia na habari. Alipofika kwa mwalimu wake wa chuoni, aliyemsomesha Kurani, mwalimu kashasimama mlangoni na kanzu yake, anamsubiri amsomee Yasini. Kwa shangazi alikuta udi unafuka. Shangazi kashamsahau mbuzi wake wa juu ya paa, kashasahau "tujue kwanza," anasema, "Nilijua! Istikhara yangu haikosi!" Mdogo wangu akapanda gari la Bububu mpaka Mtoni kwa mjomba wa marehemu mama, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za wazungu, na huyo hata hakumwacha akae. Alimtolea koti la sufu, zito kama godoro, linanuka nondo, akamvisha pale pale juu ya kanzu katika jua la saa tisa.

Mimi nimerudi na changu kikapuni, nakuta wanawake mlangoni. "Hongera, mwenzetu! Mdogo wako anasafiri!"

"Anasafiri kwenda wapi?"

"We! Usituchezee. Kashaaga mpaka Mtoni."

Nikapanda ngazi mbio. Nikapiga magoti, nikavuta bati. Jepesi. Ilibaki sukari ya kufunika kitako tu.

Aliporudi magharibi, na koti lake mkononi na jasho limemtota, nilikuwa nimekaa katikati ya chumba na bati mapajani. Baba alikuwa ashapandishwa na vijana wa jirani, yuko kitandani kwake.

"Sukari yangu iko wapi?"

"Dada, ngoja nikueleze."

"Sitaki kuelezwa, nataka sukari."

"Nilitaka kuwauliza tu. Wallahi nilitaka kuwauliza. Hakuna hata mmoja aliyeningoja nimalize."

"Na wewe hukujua kusema, 'Ngojeni kwanza'?"

"Kwa Bi Mkubwa? Ungesema wewe?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Nikamwambia, "Basi sasa kesho utoke uwarudie. Mmoja mmoja. Uwaambie hujaamua, wakupe sukari yangu."

Hapo baba alisema. Siku zote hizo alikuwa "mtoto ni mkubwa," leo sauti yake imetoka kule kitandani kama nyundo. "Dua ya safari hairudishwi. Mtu akishaagwa hakai. Akikaa, kila atakayemkuta njiani atamuuliza, 'Kulikoni, hujaenda?' mpaka atakufa. Mshamuaga. Atakwenda."

"Nani kamuaga?" nikasema. "Mimi hajaniaga."

Baba akainua kichwa kunitazama.

"Kamuaga mpaka mjomba wa Mtoni aliyemuona mara ya mwisho kwenye matanga," nikasema. "Mimi niliyemfunga vifungo hajaniuliza, hajaniaga, kaja kunichania kanga. Mji mzima umemuamulia, na shangazi na mbuzi wake, na koti la watu. Na wewe, baba, unasema atakwenda, na kesho asubuhi nani atakuteremsha?"

Nimelitaja. Zile ngazi nimezitaja.

Baba akageuza uso ukutani. Mdogo wangu akakaa chini mbele yangu, na kanzu yake ya jasho, akaniangalia. Nikamwambia, "Mimi sitoi radhi kwa mtu asiyejua anaitakia nini. Sema kwa mdomo wako. Neno moja. Usiniletee pampu."

Akaanza kulikunja lile koti, nikadhani tunarudi kwenye tusubiri kidogo. Kisha akasema, "Nataka."

"Nini?"

"Nataka kwenda. Tangu siku ya kwanza nataka. Lakini nikisema nataka, ndiyo nimesema baba akae juu humu kama kuku wa tundu, na wewe usiolewe. Nitalisema vipi hilo? Nilitaraji mzee mmoja aniambie usende, nipumzike."

Nilitamani nimpige na lile bati. Siku zote zile! Usiku na mchana, ndoto na muhogo na foleni, na neno lenyewe alikuwa nalo shingoni. Nikamwambia, "Hilo ungelisema siku ya kwanza tungekuwa tushamaliza. Ukimya wako umekula sukari yangu."

Akaanza kucheka, mjinga yule, na machozi yanamtoka. Nikampa radhi. Nilimpa kwa hasira, lakini nilimpa, na radhi ya hasira nayo ni radhi.

Halafu nikafanya lililokuwa halifanywi. Asubuhi yake nilimpeleka mdogo wangu kwa yule mchumba wangu, nikisimama mbali kama inavyopasa, nikamtuma maneno. Amwambie: harusi iwe kabla ya safari, na mume ahamie kwetu. Si mimi niende Kendwa. Yeye aje Malindi. Mwanamume kukaa ukweni, wote mnajua watu husema nini. Mdogo wangu alirudi, nikamuuliza kasemaje.

"Kasema anabeba ndoo za chokaa ghorofa tatu kutwa, mzee mmoja hatomshinda."

"Na watu?"

"Kasema watu waje nao wabebe."

Nilidhani tumefika. Kumbe baba! Baba akasema haiwezekani. "Nipande mgongo wa mkwe wangu? Mkwe? Mtu ambaye hata kula mbele yake naona haya, nimkumbatie shingo kila asubuhi? Niacheni nife humu juu."

Nilishuka chini nikakaa kwenye kidato cha mwisho gizani, na kanga mdomoni, nisipige kelele. Moja likifunguka jingine linafungika.

Aliyelifungua ni fundi wa chokaa mwenyewe. Siku ya pili alfajiri alikuja akagonga mlango, nguo zake za kazi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Mimi nilijificha chumba cha pili, nasikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umekuja kama nani?"

"Leo bado si mtu wako, mzee. Nikahi haijasomwa. Mimi leo ni fundi tu, nimepita, nimekuta mzee anataka kuteremka."

Nikasikia baba, "Hmm. Na ukishaoa?"

"Nikishaoa, mzee, tutakuwa tushazoea."

Kitanda kikalia, kisha baba akasema, "Geuza mgongo. Na ile kona uangalie, inagonga vichwa."

Akaja kila siku asubuhi na jioni, kama fundi, mpaka siku ya nikahi. Na baada ya nikahi baba hakupata la kusema.

Harusi ilikuwa ya haraka na kahawa chungu. Kahawa chungu si aibu, lakini kahawa chungu bila halwa, wageni huitazama sinia. Wageni walitazama. Mimi ndani, nimekaa na hina yangu, nawasikia wanawake wanaulizana kwa sauti ya chini, "Halwa inakuja?" Haiji! Akaingia shangazi, kanibusu, kanitilia mkononi zawadi yake kwa taadhima kubwa. Kifungu cha sukari. Kimefungwa kwa kipande cha kanga. Nikakigeuza: kanga yangu, ule upande wenye alama ya pasi. Hata fundo hakulifungua.

"Si haba, mwanangu," akasema, "siku hizi sukari shida."

"Ahsante, shangazi," nikasema. Ningesema nini kingine? Bibi harusi hasemi.

Siku ya kuondoka kwake, msafiri wetu alipitishwa chini ya msahafu kama ada. Msahafu ulitakiwa aushike baba, na baba hasimami. Basi mume wangu alisimama mlangoni kwenye uchochoro na baba mgongoni, baba kanyoosha mkono wake mmoja na msahafu juu, na mdogo wangu, na koti la sufu mkononi, akainama akapita chini yao wote wawili. Bi Mkubwa wa chini alikuwapo. Mwalimu wake Mjerumani alikuwapo na gari, anatazama, shingo nyekundu. Sijui alielewa nini. Mdogo wangu hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimemkataza, msafiri hageuki, lakini nilitaka ageuke.

Ikapita miezi. Barua ikaja, na stempu ya kigeni. Amefika, anakula viazi, koti la mjomba ndilo linalomuokoa, amesimama mbele ya chuma cha moto na ameona pampu zinavyozaliwa. Nikasoma kwa taabu yangu ya darasa la tatu, kidole chini ya neno, nafurahi. Kisha chini kabisa: kiwanda kimemwambia akitaka abaki nusu mwaka zaidi, upande wa mashine kubwa za umeme. Hajui afanyeje. "Dada, unaonaje? Na baba muulize. Na shangazi, labda asali istikhara."

Nikaikunja barua. Nikaifunua nikaisoma tena, labda macho yangu yamekosea. Hayakukosea. Mume wangu alikuwa kashampandisha baba, amekaa anafuta shingo. Nikamwambia anipe kalamu na karatasi. Akasema, "Nikuandikie?" Nikamwambia la, hii nitaandika mwenyewe.

Nikaandika, herufi kubwa, kila moja peke yake:

Baba mzima. Sote wazima. Ngazi zinapandwa. Sukari hakuna. Amua.

Mume wangu akachungulia juu ya bega langu. "Hutomsalimia zaidi ya hapo?"

"Hapo nimemsalimia sana," nikasema, nikalamba bahasha.